Ulimi Siyo Kipimo cha Maji

(Haya ni mazungumzo ya Katibu mbele ya wanachama wa ushirika na wanakijiji, pale ghalani. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale waliofika wakakaa nyuma ambako sauti haisikiki.)

 

Leo sisemi habari za pamba. Hizo mmekwisha kuzisikia na kila mtu ana hesabu yake mfukoni. Nimeomba nafasi hii niseme juu ya maji ya visima vyetu viwili, maana mkutano wa kijiji unakuja na jambo hili litaamuliwa pale kwa kunyoosha mikono. Ningependa kila mmoja anaponyoosha mkono awe anajua ananyooshea kitu gani.

Mambo yenyewe mnayajua. Tunacho kisima cha pampu karibu na shule, kilichofunikwa kwa zege. Tunacho na kisima cha zamani kule mkuyuni, kilicho wazi, ambacho tunachota kwa ndoo na kamba. Fedha iliyoko katika mfuko wa maji inatosha kazi moja tu. Wapo wanaosema tununue spea za pampu, kwa sababu mipira ya ndani imekwisha na mtoto wa shule anapampu mpaka mikono inakufa ganzi ndipo ndoo ijae. Wapo wanaosema pampu iachwe ife yenyewe, fedha iende mkuyuni, kisima kile kichimbwe zaidi, kwa sababu maji ya mkuyuni ndiyo maji, na yale ya pampu ni dawa ya kutu. Maneno haya siyo ya mtu mmoja. Yamesemwa kilabuni, yamesemwa mashambani wakati wa palizi, yamesemwa hata hapa ghalani tukisubiri mizani.

Sasa hebu tuyapime maneno hayo. Mtu akileta pamba hapa hatumwambii, "Ndugu, gunia lako linaonekana zito, chukua fedha." Tunaweka kwenye mizani. Na maji nayo yana mizani yake.

Kwanza niseme ukweli: wale wanaoyalaumu maji ya pampu hawasemi uongo. Maji yale yana ladha ya chuma. Ukiyateka asubuhi ni meupe, ukiyaacha ndooni mpaka jioni yanafanya wekundu chini. Chai inageuka nyeusi kama wino. Shuka nyeupe ikifuliwa mara tatu inakuwa na rangi ya udongo. Sabuni haitoi povu upesi, maharage yanachelewa kuiva na kuni zinakwisha. Mama anayepika kwa maji hayo kila siku anajua kuliko bwana yeyote anayekuja na gari kutuhutubia. Na maji ya mkuyuni ni ya baridi, mepesi, hayana harufu, ukinywa unasikia umekunywa. Yote hayo ni kweli, na mtu asimcheke mwenzake kwa kuyasema.

Lakini kila moja ya dosari hizo za pampu inatokana na nini? Ule wekundu ni madini ya chuma yaliyomo katika ardhi yetu. Yakiwa chini hayaonekani, yakitoka nje yakakutana na hewa ndipo yanageuka kutu. Chai inakuwa nyeusi kwa sababu majani ya chai yana kitu kinachoshikana na chuma, basi. Sabuni kukataa povu na maharage kuchelewa kuiva, hayo ni madini ya chokaa. Chuma cha namna ile kinaudhi ulimi na kuharibu nguo, lakini siyo kinachomlaza mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Kinachomlaza mtoto ni vijidudu vitokavyo katika kinyesi cha watu na cha wanyama. Na vijidudu hivi, ndugu zangu, havina ladha, havina rangi, havina harufu. Ni vidogo mno hata ukiwa na macho ya tai huvioni. Maji yanaweza kuwa meupe kama machozi na yamejaa homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu. Wataalamu wakitaka kusema maji haya ni salama wanachukua kiasi cha mililita 100, ambacho hakijazi hata kikombe cha chai, na wanataka wasikute humo hata kijidudu kimoja cha aina ile inayoishi katika matumbo. Hata kimoja! Sasa nani katika sisi mwenye ulimi wa kuhesabu hivyo?

Kwa hiyo ulimi wetu unafanya kama mgambo aliyelewa. Unamkamata asiye na kosa kwa sababu ana sura mbaya, na mwizi unampigia saluti kwa sababu kavaa vizuri.

Mzee mmoja aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki, "Katibu, nani amewahi kuona maji matamu yakiua watu? Wapi?" Nilimjibu kwa habari iliyomo katika vitabu vya afya, na nitaisema tena hapa kwa sababu inafanana mno na yetu.

Ilitokea London, katika nchi ya Uingereza, mwaka 1854. Msifikiri ilikuwa London ya mabomba na taa kama ya siku hizi. Watu wa mtaa mmoja uitwao Broad Street walikuwa wanachota katika kisima chenye pampu ya mkono, na kisima hicho kilikuwa na sifa. Kulikuwa na mama mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa na mtaa ule, lakini alivipenda vile visima vya kwao vya zamani. Kila siku gari la farasi lilikuwa likitoka mtaa ule, na yeye alikuwa akiletewa chupa kubwa ya maji ya Broad Street, kwa sababu aliyapenda kuliko yale ya karibu. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kikalipuka katika mtaa. Mama yule alikunywa maji yake kama kawaida, na kabla ya siku tatu kwisha akafa. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea naye alikunywa, akarudi kwao mtaa mwingine, akafa. Huko Hampstead kwa wakati ule hapakuwa na kipindupindu kingine. Kilisafiri ndani ya chupa.

Daktari mmoja jina lake John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, "Marehemu alikuwa anakunywa maji ya wapi?" Aliyatazama maji yenyewe kwa macho na kwa darubini, na hakuona uchafu wa kutosha kumshangaza mtu. Hesabu ya wafu ndiyo iliyompa jibu. Akawaendea wakubwa wa mtaa, wakakubali, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Waliokufa katika mlipuko ule walikuwa zaidi ya 600. Wakubwa wa afya wa serikali yao hawakumwamini, walisema ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Lakini mwaka uliofuata palipochimbwa, ilionekana kwamba karibu na kisima, umbali usiofika hata mita moja, palikuwa na shimo la uchafu lililooza matofali yake, nalo lilikuwa likivuja. Katika nyumba ya hapo hapo kulikuwa na mtoto mchanga aliyeugua kuhara, na maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa katika shimo hilo.

Angalieni vizuri: kile nacho kilikuwa kisima cha pampu. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba chuma cha pampu kina baraka. Kinacholinda ni kile kinachotenganisha maji na mavi. Pampu inasaidia kwa sababu kisima kimezibwa juu na hakuna anayetumbukiza kitu. Mkijenga choo jirani yake, pampu itawapandishia mavi kwa utaratibu mzuri.

Na mtu asiseme mambo hayo ni ya Wazungu na ya zamani. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, na mpaka mwisho wa mwaka 2016 waliougua walikuwa zaidi ya 20,000.

Sasa turudi mkuyuni. Nilikwenda kukaa pale asubuhi moja, si kwa upelelezi, nilikwenda na daftari langu la darasa la watu wazima ambalo bado lina kurasa. Nikatazama. Kamba inatupwa chini, mahali watu wanapokanyaga na ng'ombe wanapopita, halafu inashuka kisimani. Kila mtu anashusha ndoo yake mwenyewe, na ndoo ile ile imetoka kuoshea mtoto au kubebea pumba. Maji yanayomwagika hayaendi mbali, yanafanya tope, na kisigino kinakanyaga tope, tope linadondoka kisimani. Punda wa jirani alikuwepo na alifanya haja yake kwa raha zake hatua chache tu kutoka mdomo wa kisima. Mvua ikinyesha hiyo itakwenda wapi? Kule ni bondeni, na maji huteremkia bondeni.

Halafu viko vyoo vitatu upande wa juu. Sitaji wenyewe, wenyewe wanajijua, na walivijenga kabla mtu yeyote hajawaambia kitu. Kanuni ya choo na kisima ni hii: choo kiwe mbali mita 30 au zaidi, kiwe upande wa chini wa kisima, na shimo lake lisiyafikie maji yaliyomo ardhini. Mita 30 ni kama hatua 40 za mtu mzima. Viwili kati ya hivyo vitatu havifiki hatua 40. Nilihesabu mara mbili.

Mtu atasema, udongo unachuja. Mchanga unachuja, naam, ndiyo maana ukichimba katika mchanga wa mto unapata maji mazuri. Lakini udongo wetu pale ni ule mweusi wa mbuga. Mnaufahamu wakati wa kiangazi: unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unazama. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hayachujwi na chochote, yanaingia katika nyufa moja kwa moja na kila kilichokuwa juu. Ndiyo sababu mganga wa zahanati anajua kwamba mvua za kwanza zikianguka, wiki ile hakuna kulala, akina mama wanapanga foleni na watoto waliolegea. Sisi tunasema ni maembe mabichi. Tunasema ni meno yanaota. Tunasema ni upepo wa masika. Embe halina kosa, jamani, isipokuwa lile lililooshwa kwa maji ya mkuyuni.

Nije kwenye hoja kubwa kuliko zote, ile ya wazee wetu. "Babu zetu waliyanywa maji haya na waliishi miaka mingi." Wazee, kwa heshima yote, waliosimama hapa kusema hivyo ni wale waliobaki. Aliyekufa akiwa na umri wa miezi kumi hawezi kuja mkutanoni kutoa maoni. Karibu mwaka 1960, katika nchi yetu, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, kiasi cha 240 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Yaani karibu mmoja katika kila wanne. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta 43. Siyo maji peke yake yaliyoleta tofauti hiyo, ziko chanjo, iko zahanati, kuna mengi. Lakini kila bibi aliyeko hapa akihesabu vidole vyake, hawa wako hai na hawa nilizika, anajua nasema nini. Watoto hao walikunywa maji ya babu zetu hayo hayo.

Tena mtu mzima ambaye amekunywa maji machafu tangu utotoni, tumbo lake limeyazoea baadhi ya magonjwa. Mtoto mchanga halijazoea. Mgeni halijazoea. Kwa hiyo baba anakunywa, anapangusa ndevu, anasema "mbona mimi siugui?", na mwanawe yuko kitandani.

Katika mambo ya wazee kuna moja ambalo sitaki lipotee. Walisema kisima kina mwenyewe. Walikataza kufulia kisimani, walikataza kuoga pale, kuingia na viatu, kutumbukiza sufuria yenye masizi, na mwenye kuvunja mwiko alitozwa. Vijana wanacheka. Mimi sicheki. Ukiacha habari ya nani anaishi ndani ya kisima, miko ile ilikuwa sheria ndogo za afya, na iliheshimiwa kuliko tangazo lolote tulilobandika ukutani hapa. Nimezungumza na wazee wawili wa upande wa mkuyuni, na wamekubali kuisema miko hiyo mbele ya mkutano kwa vinywa vyao wenyewe. Wao watasikilizwa zaidi yangu.

Habari ya dawa. Zilipogawiwa vidonge vya klorini, watu wengi walivitupa. Sababu niliyoisikia ni mbili: harufu, na neno lililoenezwa kwamba vinakata uzazi. La pili ni uongo mtupu. Miji mingi mikubwa duniani wanakunywa maji yenye klorini miaka nenda rudi, na watoto wanazaliwa mpaka shule hazitoshi. Harufu ni kweli ipo, nayo ukiyaacha maji katika chombo yanatulia, harufu inapungua. Mwenye vidonge afuate maandishi ya pakiti juu ya ukubwa wa chombo, na asinywe kabla ya dakika 30, maana dawa inahitaji muda wa kufanya kazi. Maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kizito kilicho safi, la sivyo dawa inapoteza nguvu kwa kupigana na tope.

Kuchemsha nako kuna maneno. Mnasema maji yaliyochemshwa hayana ladha, yananuka moshi, yanafaa wagonjwa. Ni kweli moshi unaingia kama sufuria haikufunikwa. Na kuni, akina mama, najua zinatoka mbali siku hizi, huwezi kumwambia mtu achemshe ndoo tatu kila siku wakati ugali wenyewe unagombania kuni. Basi yachemshwe walau ya watoto wadogo na ya wagonjwa. Maji yakitokota kweli, yale mapovu makubwa yanayoruka, dakika moja inatosha hapa kwetu. Hakuna haja ya kuyachemsha mpaka nusu yakauke. Ukitaka ladha irudi, yakipoa yahamishe toka chombo safi kimoja hadi kingine mara mbili tatu, yapate hewa.

Asiye na kuni ana jua, na jua hapa kwetu halina bei. Chukua chupa ya plastiki iliyo nyeupe inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, ioshe, ijaze maji yasiyo na tope, ifunge, ilaze juu ya bati kwa saa 6 jua likiwa kali. Kukiwa na mawingu ilale siku mbili. Wengine mnatumia mbegu za mlonge, ni vizuri, zinashusha tope chini kabisa. Lakini mlonge unasafisha sura ya maji. Vijidudu vinapungua, haviishi. Baada ya mlonge bado kuna jua au moto.

Na sasa niseme jambo ambalo wale wa upande wa pampu hawatalipenda. Kuna kitu kingine kisichoonekana wala kusikika ulimini, nacho kinatoka katika mawe ya chini yenyewe. Kinaitwa floridi. Sehemu kadhaa za mkoa wetu wa Shinyanga zinayo, na Singida, na zaidi sana kule Arusha na Kilimanjaro. Mtoto akikua anakunywa maji yenye floridi nyingi, meno yanaota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi mno mifupa nayo inapinda. Watu husema ni meno ya ukoo. Siyo ukoo, ni kisima ambacho ukoo unachota! Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Tena floridi haikimbii moto: ukichemsha, maji yanapungua na yenyewe inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Klorini haiiwezi. Jua haliiwezi.

Kwa hiyo pampu yetu nayo ipimwe. Mimi sisemi maji yake ni salama kwa sababu Katibu amesema. Nasema hivi: yapelekwe kupimwa, yote mawili, ya pampu na ya mkuyuni. Maabara ya maji ya Wizara iko Shinyanga mjini, na wakala wa maji vijijini, yaani RUWASA, walioanzishwa mwaka 2019, wana ofisi wilayani. Barua imeandikwa na Mwenyekiti wa kamati ya maji ataipeleka. Majibu yakija yatabandikwa hapa ukutani, yawe mazuri yawe mabaya. Na tuelewe kwamba kwa upande wa vijidudu, majibu ni ya siku ile waliyochota. Maji yaliyopimwa kiangazi hayasemi lolote juu ya mvua ya kwanza, kwa hiyo tunaomba yapimwe mara mbili.

Jambo lingine nalisema upesi, ingawa ni nusu ya ugonjwa wetu wote. Unaweza kuchota maji safi kabisa ukayachafua kabla hayajafika mdomoni. Mtungi uko wazi, kata imelala chini, kuku amepita juu yake, mtoto ametoka chooni hakunawa anatumbukiza kopo na vidole vyote vitano. Hapo kisima kina kosa gani? Chombo cha maji ya kunywa kifunikwe, na maji yamiminwe, yasichotwe kwa mkono. Dumu lenye mdomo mdogo ni bora kuliko ndoo. Ila dumu nalo lioshwe ndani, lile vazi la kijani linaloteleza siyo rangi yake.

Na mtoto akiharisha, asinyimwe maji. Desturi ya kumkausha mtoto ili "tumbo likauke" ndiyo inayoua. Apewe pakiti ya chumvichumvi ya zahanati katika lita moja ya maji salama. Kama pakiti hakuna, lita moja hiyo hiyo, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maziwa ya mama yaendelee. Na apelekwe zahanati, hasa akiwa amelegea, akiwa na damu katika choo au akishindwa kunywa.

Sasa maoni yangu juu ya kura, maana mtu akisema maneno mengi hivi halafu afiche anakosimama hatendi haki. Mimi nasimama na spea za pampu. Fedha iliyopo inunue mipira na kukarabati sakafu ya zege iliyopasuka upande wa mashariki, maana ufa ule ni mlango wa maji machafu. Lakini sikubaliani na wale wanaotaka kisima cha mkuyuni kifukiwe. Pampu ni chuma, itaharibika tena, na siku hiyo watu wataenda wapi? Wataenda lamboni kushirikiana na ng'ombe na kichocho. Mkuyuni ibaki, maji yake yawe ya kufulia, ya kujengea na ya mifugo, na pampu inapokufa iwe akiba, kwa kuchemshwa. Kazi ya pale haihitaji fedha, inahitaji mikono: kuinua mdomo wa kisima kwa mawe, kuweka kifuniko cha mbao, ndoo moja ya wote na kamba moja inayoning'inia juu ya mti, mfereji wa kutoa maji yaliyomwagika, na uzio wa miiba. Ng'ombe wawe na birika lao upande wa chini. Vyoo vile viwili vihamishwe kabla ya mvua, na mashimo mapya tuwasaidie wenyewe kuchimba, kwa kuwa si haki mtu abebe peke yake mzigo wa kijiji kizima.

Hao wanaochukia ladha ya chuma, iko njia. Maji ya pampu yakitekwa jioni yakamiminwa kwa nguvu katika ndoo safi, yakafunikwa na kuachwa yatulie usiku, chuma kingi kinashuka chini. Asubuhi mimina taratibu yale ya juu kupitia kitambaa safi. Chai haitakuwa nyeusi kama ile. Mke wangu alinibishia, akajaribu, sasa ananituma mimi kupampu.

Juu ya fedha: mtunza fedha wa kamati ameagizwa aandike mapato na matumizi ya mfuko wa maji na kuyabandika hapa kando ya karatasi hii, shilingi kwa shilingi, kabla ya mkutano. Anayedai hajui fedha yake ilikwenda wapi aje asome, na asiyejua kusoma aje jioni wakati wa darasa, tutamsomea.

Kazi ya mkuyuni itaanza Jumamosi saa 1 asubuhi. Balozi wa kila nyumba kumi alete watu wanne. Upande wa magharibi walete majembe na sururu, upande wa shule walete mapanga kwa ajili ya miiba, vijana wa mpira watasomba mawe kwa mkokoteni wa ushirika. Akina mama wenye watoto wachanga wasije. Kamba mpya ipo ghalani, ufunguo anao karani.



Katibu